Programu Isiyo na Kwao

Kila asubuhi, kabla karani hajafungua kituo chetu cha majani ya chai kule Kimulot, mashine ya mizani huamka na kuuliza kiwandani kama kuna jipya. Ni mashine ya kushika mkononi, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisa, na inaongea na mizani inayoning'inia kwenye boriti. Kama kuna jipya, inalishusha kutoka hewani: programu ndogo, mistari michache tu, inayoiambia jinsi ya kupima majani ya siku hiyo. Programu hiyo imeandikwa mbali na mtu ambaye mashine haimjui, na ikishaingia inaanza kutoa amri. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba mgeni huyo haji kuiba.

Nilipojaribu kumweleza shangazi, nilimwambia ninalinda mlango. Akawaambia akina mama wote kanisani kwamba nimekuwa soja wa kampuni, na tangu siku hiyo wananihurumia kwa sababu ya baridi. Sikuwarekebisha. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu nilichopoteza kimo humo.

Programu inayosafiri inaweza kufanya uovu mwingi. Mtu mwerevu akiandika mistari mitatu, anaweza kumega nusu kilo kwenye kila mfuko wa mkulima aliyeamka na ukungu, akaihamishia kwenye nambari ya binamu yake. Kuna njia mbili za kumzuia. Ya kwanza ni saini. Programu ikifika, mashine inaangalia ni nani ametia saini, na kama jina lake limo kwenye orodha, karibu ndani. Hiyo ni njia ya wavivu. Saini inakwambia nani ametuma, haikwambii ametuma nini. Na wezi wenye majina mazuri tunawajua, wengine tunawapigia makofi.

Njia ya pili ndiyo iliyokuwa yangu. Nilitengeneza kikaguzi kinachosoma programu mstari kwa mstari kabla haijaendeshwa hata mara moja. Kinaidai programu ije na ushahidi wake yenyewe: ionyeshe kwamba haitagusa nambari isiyoihusu, haitapunguza kilo kupita kiasi kilichokubaliwa, haitazunguka bila kufika mwisho. Ikishindwa kuonyesha, inabaki nje. Haijalishi imeandikwa na profesa au na mtu aliyejifunza kwenye simu. Nilipokuwa chuoni Nairobi niliandika karatasi ndefu juu ya jambo hilo, nikaitetea mbele ya walimu wanne kidole kikiwa juu. Usiulize inatoka wapi, niliwaambia, uliza inafanya nini. Watu husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi nilikuwa nasema, kama hafukui bustani ya mtu, kamba ya nini? Walimu walicheka, wakanipa alama nzuri.

Nilikuwa na mdomo siku hizo.

Yeye niliyempoteza nilimkuta Kericho mjini, kwenye karakana ambako mizani zilizoharibika zilipelekwa. Alikuwa fundi. Alizaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi ndani ya shamba kubwa la chai. Mama yake alitoka upande wa Kisii kuja kuchuma majani, akiwa tayari na mimba ambayo hakumweleza mtu ni ya nani. Alifariki kijana wake akiwa sekondari, na hakuacha jina la baba. Mama mmoja jirani pale laini ndiye aliyemmalizia malezi. Programu alijifundisha mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, wakati wenzake wakiangalia mpira.

Alikuwa na tabia moja iliyonichosha kwanza, kisha ikanifanya nimpende. Alitembea na chupa ya maji ya lita moja kwenye begi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kila mizani aliyoipita, ya duka au ya bucha, aliomba ruhusa kwa adabu na kuweka chupa yake juu. Kuna mwenye bucha mmoja pale Litein aliyekuwa akimwona kwa mbali anafunga dirisha. Tulipokwenda kula chapati na maharagwe, nilijua tutachelewa kwa sababu ya mizani ya mwenye hoteli.

Mambo ya mvua yeye ndiye aliyeyaona. Desturi ya siku nyingi ilikuwa, mvua ikinyesha, kila mfuko unapunguziwa kilo moja kwa ajili ya maji. Mwenye kilo arobaini hahisi kitu. Bibi kizee mwenye kilo sita anarudi nyumbani na tano. Yeye akasema maji hayahesabu mifuko, yanashika jani, na majani yakiwa machache maji pia ni machache. Akakaa karakana wiki mbili akilowesha majani, akiyapima, akiyakung'uta, akiyapima tena, hadi sakafu ikawa kijani na fundi mkuu akatishia kumfukuza. Halafu akaandika programu. Mistari kumi na tisa.

Niliipitisha kwenye kikaguzi nikitarajia kumrudishia na makosa, maana nilikuwa nawarudishia hata wenye digrii mbili. Ilipita mara ya kwanza. Ushahidi wake ulikuwa mfupi, safi, hakuna mahali alipodanganya wala kuruka hatua. Nilikaa nikiutazama kwa muda. Nilimfahamu mtu yule kupitia ile mistari kuliko nilivyowahi kumfahamu mtu kwa maneno.

Akanipigia simu. "Inspekta, imepita ama haijapita?"

"Imepita."

"Sasa mbona unaongea kama mtu amefiwa?"

Nilikuwa nalia, kwa kweli, lakini hilo sikumwambia.

Tatizo likawa saini. Pamoja na kelele zangu zote, kampuni haikukubali kikaguzi peke yake, ilitaka na saini pia. Funguo za kutia saini walipewa walioajiriwa tu, na yeye alikuwa fundi wa karakana ya nje. Jina lake halikuwa kwenye orodha. Nikafanya kilichoruhusiwa: nikaichukua programu yake na kuitia saini yangu. Kwenye nafasi ya mwandishi, mfumo ukajaza wenyewe, kama unavyofanya kwa mtu asiye na nambari: *Mwandishi: hajulikani.* Chini yake, jina langu.

"Kwa hivyo mimi naingia kwa jina lako," alisema akicheka.

"Kwa sasa tu."

"Sijakataa. Ni jina poa."

Programu ile ikaenda kwenye mashine za vituo vyote tulivyokuwa tukivihudumia, kuanzia huku Konoin hadi Sigowet. Wakulima hawakujua kilichobadilika. Walijua tu kwamba siku za mvua ugomvi kituoni umepungua.

Alikuja kwetu kuniposa mwaka uliofuata, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi. Kwetu mtu haji peke yake, anakuja na wazee wa ukoo wake. Yeye alikuja na watu watatu: mzee wa kanisa la kule laini, fundi mkuu, na yule mama jirani aliyemlea. Alivaa koti la kijivu ambalo nilijua si lake, mikono ilikuwa mifupi. Walisimama getini hadi walipoitwa, wakakaa kwenye benchi walilowekewa, mbele ya wazee wa kwetu kama kumi hivi.

Mimi nilikuwa jikoni na mama na shangazi. Mama alikuwa ametayarisha mursik wiki nzima, kwenye kibuyu alichokisugua mwenyewe kwa mkaa wa mti wa senetwet. Maziwa yale ni ya mgeni aliyepokelewa. Yalining'inia ukutani yakingoja neno kutoka nje, na wakati huohuo wageni walipewa chai.

Kwa ajili ya wageni baba aliongea Kiswahili, kile cha kanisani, polepole.

"Kijana, tumefurahi kukuona. Sasa tuambie, ukoo ya baba yako ni gani?"

"Sijui, mzee. Mama hakuniambia."

"Na hakuna mtu anaweza kujua?"

"Hakuna, mzee."

Hakuongeza hata tone. Angeweza kubuni ukoo, wako wanaobuni. Nilisikia kikombe kikiwekwa chini.

Baba mdogo ndiye aliyesema. Si mtu mbaya, baba mdogo, nimemchukia na kumsamehe mara nyingi. "Sasa tutajua aje kama huyu si ndugu ya msichana? Baba yake anaweza kuwa hata mtu ya hapa. Unaoza mtoto kwa kaka yake bila kujua."

Yule mama jirani akasimama. Alikuwa mfupi, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani, kama vya mama yangu. "Wazee, mimi huyu mtoto nimeona tangu siku ya kwanza. Hajawahi chukua kitu ya mtu. Hata sindano."

"Hatukatai, mama," baba alisema. "Lakini wewe si ukoo."

Nikiwa nyuma ya ukuta wa jikoni nilisokota kitambaa cha vyombo kwa hasira. Hiyo ilikuwa karatasi yangu ya chuo, neno kwa neno. Walikuwa wanatafuta saini. Ushahidi ulikuwa umekaa mbele yao kwenye benchi, umevaa koti la kuazima, na wao wanauliza orodha.

Halafu baba akaniita.

Hiyo ni desturi. Msichana anaitwa mbele ya wazee, anaulizwa kama anawajua wageni. Nilitoka nikiwa bado na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Watu wote wakanigeukia. Yeye hakuniangalia, aliangalia viatu vyake, na nikaona alikuwa amevipaka rangi.

"Hawa watu wanasema wamekuja juu yako," baba alisema. "Unawajua?"

"Nawajua."

"Unajua kwao huyu?" baba mdogo akadakia.

"Kwao sijui," nikasema.

Ilikuwa kweli. Nilijibu swali kama lilivyoulizwa, kama nilivyozoea kufanya na mashine. Baba akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, yeye ambaye huongea na watoto wake akiangalia ng'ombe.

"Una neno lingine la kuongeza?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa na mistari kumi na tisa ya kuongeza. Nilikuwa na chupa ya maji, na sakafu ya kijani, na kila siku niliyomkagua mtu yule bila yeye kujua, na hakuna siku hata moja aliyogusa kisichomhusu. Ningesema hivyo tu. Ningesema, baba, kwao sijui, lakini yeye namjua, na niko tayari kumtilia saini.

Lakini kwetu msichana akimsifu mwanaume mbele ya wazee anaonekana hana haya. Shangazi alikuwa mlangoni. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Na mimi, mwenye kidole juu mbele ya walimu wanne, niliogopa. Nimejaribu kulipamba jambo hili kwa miaka miwili na halipambiki. Niliogopa.

"Hapana," nikasema.

Alimaliza chai yake. Hilo ndilo ninalolikumbuka kila siku, kwamba aliimaliza, kwa heshima, kisha akasimama na watu wake wakasimama. "Asante kwa chai, mzee," akamwambia baba. Mimi hakuniambia kitu. Walishuka njia ya kwenda barabarani wakiwa wanne, yule mama mbele, na ukungu ulikuwa bado haujaondoka kwenye majani. Nilirudi jikoni. Mama alikishusha kibuyu kutoka ukutani, akakirudisha ndani.

Nilipiga simu jioni ile na kesho yake. Hakushika. Nilikwenda karakana Jumatatu, nikaambiwa ametoka. Nilijua ametoka kwa mlango wa nyuma, kwa sababu begi lake lenye chupa lilikuwa bado mezani.

Wiki iliyofuata akanitumia programu ya mwisho. Ilikuwa marekebisho madogo ya ile ya mvua, kosa la kukadiria desimali ambalo hata mimi sikuliona. Kila mara alipotuma kitu aliandika utani juu yake. Safari hii hakukuwa na neno. Niliipitisha kwenye kikaguzi. Ilipita. Niliitia saini yangu huku machozi yakidondoka kwenye kibodi, na mfumo ukajaza: *Mwandishi: hajulikani.*

Baada ya hapo aliacha kazi. Fundi mkuu, ambaye hanipendi tena na ana haki, aliniambia yuko upande wa Fort Ternan, anashughulika na mizani za miwa. Mwaka huu akaniambia ameoa.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi sina mtoto, na mjukuu ninaye.

Juzi nilikuwa nyumbani. Magoti ya baba hayamruhusu tena kubeba, kwa hiyo nilimbebea majani hadi kituoni, yeye akitembea mbele na mwavuli aliokataa kunifunika nao kwa sababu mimi ni kijana. Mvua ilikuwa ya kweli, ile ya alasiri inayokuja kutoka msituni. Mbele yetu kwenye foleni alikuwa bibi mmoja mjane, jirani yetu, na mfuko wake mdogo. Karani akautundika. Mashine ikafikiri kidogo, ikatoa karatasi yake. Bibi hajui kusoma, akampa baba amsomee.

Baba akaisoma mara mbili. Akamwambia ni kilo sita na kitu, mvua imekula kidogo sana. Bibi akafurahi, akakunja karatasi akaiweka kifuani.

Baba akabaki anaitazama mashine mkononi mwa karani. Akamwambia, kwa Kiswahili kwa sababu karani ni mtu wa mbali, "Huyo aliandika hii kitu, nyumbani kwao walimlea vizuri."

"Ni kompyuta tu, mzee," karani akasema.

"Hapana. Kompyuta haiwezi jua kuonea bibi huruma. Hiyo ni mtu."

Nilikuwa na kapu mgongoni, maji yananiingia shingoni. Miaka miwili nilikuwa nimelinyamazia jambo hili. Nikaliongea palepale, kwa Kikipsigis, ili karani asielewe.

"Ni yule, baba."

"Yule nani?"

"Uliyempa chai."

Majani yetu yakapimwa, karatasi ikatoka, baba akaichukua bila kuisoma. Tukaanza kupanda kilima, yeye mbele, mimi nyuma na kapu tupu. Tulipofika kwenye kona ya miti ya mikalitusi akasimama ili kupumzisha magoti, au nilidhani ni magoti. Aliongea akiangalia majani ng'ambo ya bonde.

Alisema kwamba zamani mtu asiye na ukoo alipokelewa kwenye ukoo, akawa mtoto wa huko, na hakuna aliyemuuliza tena. Hilo nilikuwa nalijua. Nusu ya watu wa mama yangu wametokana na mtu aliyekuja kutoka Kisii wakati wa njaa. Kisha akasema nisilolijua. Siku mbili kabla ya wageni kuja, akiwa amesikia kwamba kijana hana ukoo, alikuwa amekwenda Sigowet kwa mzee mmoja rafiki yake, wa ukoo tunaoweza kuoana nao, na mzee yule alikubali kumpokea kijana kama mwanawe. Lakini hakuna mzee anayeweza kupokea mtu hivi hivi. Lazima mtu mmoja wa ukoo wetu asimame aseme, huyu namjua.

"Nilikuuliza kama una neno," baba alisema.

Akanipa mwavuli, akaendelea kupanda.